Kabla ya Rumba ya Kwanza

Wajukuu wangu wananiuliza mtu anakuwa mkubwa lini. Mmoja anasema ni siku ya kupata kitambulisho, mwingine anasema ni mshahara wa kwanza, na yule wa mwisho, mwenye mdomo kama wangu, anasema ni siku utakayolala bila kuulizwa kama umepiga mswaki. Nawaacha wabishane. Kwetu Kampala, katika kota za polisi upande wa Nsambya nilikokulia, jambo hilo halikuwa na ubishi. Ulikuwa mkubwa siku ambayo bendi ilibadilisha muziki na wewe usifukuzwe.

Kila Jumapili palikuwa na dansi kwenye kantini ya kambi. Kantini yenyewe ilikuwa banda refu la matofali lenye paa la bati, sakafu ya saruji iliyolainishwa na visigino vya watu, na jukwaa la mbao lililoliwa na mchwa upande mmoja, kiasi kwamba mpiga besi hakusogea pale hata umbembeleze vipi. Kuanzia saa nane mchana ulikuwa muda wetu sisi vijana. Bendi ilipiga bugi: magitaa juu, ngoma mbio, maneno machache. Nyimbo zetu hazikuwa na habari yoyote ndani yake, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Ziliimba viatu, ziliimba Jumamosi, ziliimba njoo, zunguka, ruka. Tulicheza kwa duara, wasichana na wavulana, na hakuna aliyemshika mwenzake. Ukimshika mtu kwenye bugi ulichekwa mpaka Jumapili nyingine.

Saa kumi na mbili jioni mambo yaligeuka. Kiongozi wa bendi alisogelea kipaza sauti akasema, "Watoto, nyumbani. Wakubwa, karibuni." Hapo saksafoni ilianza, taratibu, nasi tukatoka na jasho letu huku baba zetu na mama zetu wakiingia wamepiga pasi na kujipaka mafuta. Rumba ilikuwa yao. Na nyimbo za rumba, jamani, zilikuwa na mambo! Mume aliyehamia kwa mwingine. Mwenye nyumba anayegonga mlango. Mawifi wasioridhika. Mtu aliyesafiri asiandike hata mstari. Sisi tulizisikiliza kupitia dirishani, tumepandana migongoni, na mimi niliona hayo yote kuwa mazuri ajabu. Nilitaka na mimi niwe na mtu wa kunikosea ili nilie na saksafoni. Miaka kumi na sita hiyo, msinicheke.

Kuvuka kutoka bugi kwenda rumba kulikuwa na utaratibu wake, na sijauona mahali pengine popote. Msichana hakujiingiza mwenyewe. Saksafoni ilipoanza, baba yake alimshika mkono akampeleka katikati ya sakafu, wakacheza rumba ya kwanza wao wawili tu, wengine wote wamesimama kandokando wakipiga makofi. Wimbo ukiisha, baba anamrudisha kitini. Basi, yeye ni mkubwa. Kuanzia hapo mwanamume yeyote aliruhusiwa kuja mbele ya baba, kwa adabu, kuomba wimbo wa pili. Na kambini kila mtu alijua wimbo wa pili una maana gani. Ndoa nyingi za mstari wetu wa nyumba zilianzia pale.

Baba yangu alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, Mkatoliki, mrefu, asiyependa mzaha. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, Mwislamu, na wao wawili walielewana kwa Kiswahili, ndiyo maana lugha hii nimeinyonya. Baba aliichukia bugi kwa moyo wake wote. "Muziki gani huu?" alikuwa akisema. "Mtu anacheza kama amekanyaga siafu!" Lakini rumba, loo! Aliicheza mgongo wima, mguu hauburuti, macho mbele. Mama alisema alimkubali kwa sababu hiyo tu, mambo ya dini yakatafutiwa njia baadaye.

Kila Jumapili nilimsumbua.

"Baba, lini?"

"Bado."

"Lini sasa?"

"Nitakaposema."

Alijibu kwa ukali, lakini pembe ya mdomo ilimsaliti. Mama aliniambia kwa siri kwamba baba alikuwa amepanga iwe Krismasi, na kwamba jioni moja alimkuta chumbani peke yake akijaribu kugeuka na mto mikononi, anapima nafasi ya mtu mfupi kuliko yeye kidogo.

Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi. Waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo sijui niwaambieje. Wanawake walikamatwa barabarani kwa sababu ya gauni lililoishia juu ya goti. Bendi ililazimika kufungua kila dansi kwa wimbo wa kumsifu mkuu wa nchi, nasi tulipiga makofi tukichungulia nani hapigi. Polisi wa makabila fulani ya kaskazini, kabila la baba likiwa mojawapo, walikwenda kazini asubuhi wasirudi jioni. Katika mstari wetu palikuwa na nyumba zilizotiwa kufuli, sahani bado zimeanikwa nje, na hakuna aliyeuliza. Mama alinikataza hata kuzitazama.

Ndipo akaanza kuja yule bwana.

Alikuwa mtu wa usalama, mkubwa kiasi gani sikujua, ila mkuu wa kambi yetu mwenyewe alimfungulia mlango wa gari. Alivaa shati la maua, suruali ya bugaluu iliyofagia chini, raizoni zenye soli nene, na miwani myeusi asiyoivua hata ndani. Hizo zilikuwa nguo zetu! Nguo za kijana wa bugi, zimevaliwa na mtu mzima mwenye kitambi, na Kampala nzima ilifika mahali pa kukimbia mtaani ikiona suruali pana na soli nene. Hadi leo jambo hilo linanichoma. Walituchukulia kila kitu, hata fasheni.

Jumapili moja alikaa kiti cha mbele, chupa ya waragi mezani, akatutazama tukicheza. Sisi wasichana tulijua anatazama, tukajificha nyuma ya wavulana. Mimi nilikuwa mrefu, karibu nimfikie baba. Nilijificha wapi?

Kesho yake baba alirudi kutoka kazini akakaa mezani bila kuvua buti. Baba hakuwahi kukaa mezani na buti. Nilikuwa nimesimama pale pale na sahani ya muhogo mkononi, lakini alizungumza na mama utadhani mimi sipo.

"Amekuja ofisini," alisema. "Amesema Jumapili hii nimwingize mtoto kwenye rumba. Amesema wimbo wa pili ni wake."

Mama aliweka mwiko chini. "Ana wake wangapi huyo?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Na ukisema mtoto hajafikia?"

"Nimesema. Amecheka. Amenipa sigara." Baba alitazama mikono yake. "Ameniambia, 'Sajini, watu ya kwenu nabaki kidogo sana kazini, eh?' Nikamwambia ndiyo, afande. Akasema msichana asipoonekana kantini, atakuja kumchukua hapa hapa nyumbani."

Niliweka sahani chini kabla haijaanguka. Ile rumba niliyoililia Jumapili baada ya Jumapili ilikuwa imekuja kunitafuta, na niliiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Wimbo wa pili! Mtu yule anikamate mkono mbele ya watu wote, na watu wote wapige makofi kwa sababu hawana la kufanya, na wimbo ukiisha gari liwe linangoja nje.

Watu hupenda kuniuliza mbona hatukukimbia wote usiku ule. Maswali ya watu walioshiba! Polisi aliyetoweka alihesabiwa mwasi, na waliobaki wa ukoo wake walifuatwa hadi kijijini. Isitoshe, mdogo wangu alikuwa amelala na malaria. Tungepita barabara gani?

Mama hakulia. Alijitanda mtandio akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Salongo.

Salongo ndivyo Waganda wanavyomwita kila baba wa mapacha, na mkewe huwa Nalongo, basi nasi tuliwaita hivyo, ingawa wao walikuwa Wakenya wa upande wa Kisumu. Waliishi kota za reli, ng'ambo ya barabara. Mchana Salongo alikuwa fundi wa reli, na Jumapili ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi yetu, mpiga gitaa la solo. Yeye ndiye aliyesema "Watoto, nyumbani." Nalongo aliuza vitenge sokoni, mama akiwa mteja wake wa kugombana naye kila mwezi. Wakati huo Wakenya nao walikuwa wameanza kutazamwa vibaya mjini, na Nalongo alikuwa akijiandaa kupanda treni Jumanne ya wiki iliyofuata, yeye na mapacha, arudi kwao. Cheti cha safari cha familia ya mfanyakazi wa reli kilimtambua mke na watoto watatu. Yule wa tatu, msichana wao mkubwa, alikuwa tayari yuko shuleni Kisumu.

Mama alirudi akaketi karibu yangu. "Nafasi ipo," alisema. "Jumanne utaondoka ukiwa mtoto wa Nalongo. Lakini Jumapili ipite kwanza, na upite ukiwa bado mtoto. Salongo atapiga bugi. Saa kumi na mbili ikifika atajifanya hajaiona."

"Na yule akiagiza rumba?" baba aliuliza.

Mama akasema, "Hapo ndipo hatujui."

Jumapili ilifika na jua kali. Nilivaa sketi yangu ya shule, ndefu, na viatu bapa. Tulicheza bugi tangu saa nane. Habari za kambini hazina mlango, na vijana wote walikuwa wanajua. Hakuna aliyeniambia chochote, lakini duara lilinizunguka mara mbili, warefu upande wa kiti cha mbele. Yule bwana alikuwa amekaa pale na vijana wake wawili. Mama alisimama mlangoni. Baba alisimama ukutani, suruali imepigwa pasi ya kukata, viatu vinang'aa, kofia kichwani, amevaa vile vile ambavyo angevaa Krismasi.

Mwanga ulianza kuingia mlangoni kwa ubavu. Wakubwa walikuwa wamekwisha kujipanga nje na hawakuingia. Saa kumi na mbili ikapita. Salongo alimaliza wimbo mmoja akaanza mwingine pale pale bila kupumua. Mpiga ngoma wetu, Muganda mmoja mnene aliyezoea kusema "lumba", alikuwa anatiririka jasho mpaka kwenye vijiti. Tulikuwa tumechoka, koo zimekauka, na hakuna aliyetoka. Watoto wale! Wengine walikuwa na miaka kumi na mbili. Walicheza kana kwamba wamelipwa, na kila mmoja alijua anamchezea nani.

Yule bwana akainua mkono. Muziki ukakatika.

"Wewe mtu ya gitaa. Rumba wapi?"

Salongo akainama kwenye kipaza sauti. "Afande, watoto bado hawajatoka. Utaratibu wa hapa ni watoto watoke kwanza."

"Basi toa watoto."

Hakuna aliyesogea. Mpiga saksafoni alikuwa ameinua chombo chake, amekiweka mdomoni, macho yake kwa Salongo. Bwana yule akageuza shingo polepole mpaka miwani ikamlenga baba ukutani.

"Sajini. Leta msichana."

Baba aliondoka ukutani akaja katikati ya sakafu. Nilisikia visigino vyake. Duara likafunguka, maana ni baba yangu, wangemzuiaje? Akasimama mbele yangu. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Nikamnyooshea mkono.

Hakuupokea. Alivua kofia akampa mvulana aliyesimama karibu. Akamgeukia Salongo akatikisa kichwa mara moja. Halafu baba yangu, sajini wa polisi, mtu wa rozari mfukoni, akaruka.

Haki ya Mungu, aliruka. Akatupa mguu huku, akatupa mkono kule, akazunguka nusura aanguke, akaruka tena. Salongo alishtuka, kisha vidole vyake vikaelewa kabla yake mwenyewe, na bugi ikaanza upya. Baba alikuwa hajui hata hatua moja. Alicheza hasa kama mtu aliyekanyaga siafu.

Niseme kweli, kwanza niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wakubwa walikuwa wanachungulia madirishani, zamu yao sasa, na baba yangu alikuwa anakuwa kichekesho mbele ya kambi nzima. Kisha nikasikia kicheko cha yule bwana. Kilianzia tumboni, kikapanda, mpaka akapiga meza kwa kiganja na glasi ikaruka.

"Sajini! Nini hiyo?"

"Bugi, afande!" baba alijibu akiwa hewani.

"Nani nafundisha wewe?"

"Watoto, afande! Mimi pia najifunza!"

"Wewe mzee nakuwa mtoto?"

"Ndiyo, afande! Hapa wote ni watoto, afande!"

Bwana yule alivua miwani akajifuta machozi ya kucheka. Ndiyo mara ya pekee niliyoyaona macho yake, na yalikuwa macho ya kawaida tu, ya mtu yeyote unayekutana naye dukani. "Tena!" alisema. "Wewe gitaa, piga tena hiyo hiyo! Sajini, endelea!"

Wakapiga tena. Baba akaendelea. Shati liligandamana mgongoni, na goti lake la kushoto, aliloumia zamani kwenye mafunzo, lilianza kumkatalia. Kila alipopunguza mwendo yule bwana alipiga kelele "Tena!" na baba akaruka tena. Alipozunguka akanikaribia, uso wake haukuwa na kicheko hata chembe. Alisema kwa sauti ya chini, kwa lugha yake ya kwao, ambayo aliitumia kwangu kwa nadra sana: "Cheza. Usisimame. Wewe ni mtoto. Cheza."

Nikacheza. Nililia nikicheza, na nashukuru kwamba kwenye bugi jasho ni jingi na hakuna anayemtazama mtu usoni.

Sijui ingekwishaje kama dereva wake asingeingia na kumnong'oneza sikioni. Bwana yule alisimama, akavaa miwani, akamwita baba kwa kidole. Baba alikwenda akichechemea, akasimama wima.

"Sajini, leo umefurahisha mimi sana. Mpaka nasahau rumba." Alimpiga begani. "Jumapili ijayo sitasahau. Wewe utacheza na msichana mbele yangu, vizuri, rumba. Halafu mimi."

"Ndiyo, afande."

Bendi haikuacha kupiga mpaka mlio wa gari ulipotoweka upande wa barabara kuu. Kisha Salongo akaweka gitaa chini na kukaa upande ule wa jukwaa ulioliwa na mchwa, nadhani hakujua amekaa juu ya nini. Hakuna rumba iliyopigwa siku hiyo. Wakubwa walikwenda nyumbani na nguo zao zilizopigwa pasi.

Nyumbani niliinama kumfungua baba kamba za viatu, maana goti lilikuwa limevimba na halikunjiki. Nilimletea karai la maji ya moto yenye chumvi. Akatia miguu, akafumba macho.

"Hiyo bugi yenu ni ngumu," alisema.

Mama akacheka. Nami nikacheka. Tulicheka wote watatu kwa pamoja, tukiziba midomo ili majirani wasisikie.

"Baba," nikasema, "rumba yangu?"

"Ipo," akasema. "Ni yangu na yako. Lakini si hapa."

Jumanne alfajiri mama alininyoa afro yangu yote. Nilikuwa nimeitunza karibu mwaka mzima, nikiichana kwa kitana cha chuma, na ilikuwa fahari yangu pekee. Ilianguka kwenye gazeti, nami nikalikunja. Alinivalisha gauni la shule la zamani lililonibana kifuani, akanifunga kitambaa kukibana zaidi. Nilipojitazama kwenye kioo nilimwona msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye miguu mikubwa.

Baba alikuwa zamu, hakuweza kuja stesheni. Tuliagana mlangoni. Nilitegemea anikumbatie, lakini alinipa mkono, akaushika imara, akauachia. Ndivyo alivyowaaga watu wazima.

Kwenye treni nilikaa kati ya mapacha, wasichana wa miaka sita hivi, waliokuwa wameambiwa waniite dada. Karibu na mpaka, pale Tororo, wanajeshi waliingia behewani. Mmoja akachukua cheti, akahesabu vichwa, akanitazama kwa muda mrefu.

"Huyu mtoto?" alisema. "Huyu mtoto gani mkubwa hivi?"

Pacha mmoja akafungua mdomo. Watoto hawajui kudanganya, nami niliona kabisa neno linakuja. Nalongo akanizaba kofi. Kofi la haki, la mama mzazi, mpaka nikaona nyota.

"Nimekwambia mara ngapi ukae vizuri?" alifoka. "Miguu imeenea behewa zima! Mkubwa kwa mwili, akili hakuna! Ukifika kwa baba yako mkubwa nitamwambia akutie adabu!"

Nikaangua kilio, na sikuhitaji kuigiza. Mapacha nao wakaogopa wakalia. Yule mwanajeshi akanung'unika kuhusu kelele za watoto, akarudisha cheti, akapita. Tulipovuka Malaba Nalongo alinishika shavu lile lile akalibusu, na yeye sasa ndiye aliyekuwa analia.

Nilisoma Kisumu, nikaishi katika nyumba ya Nalongo na kulala kitanda kimoja na binti yake mkubwa, yule niliyesafiria nafasi yake. Barua hatukuandikiana, ilikuwa hatari kwa walio kule. Mwaka uliofuata reli ya pamoja ilivunjika, kila nchi ikachukua yake, na wafanyakazi Wakenya wakarudishwa kwao. Salongo alifika na sanduku la mbao na gitaa. Alikula kwanza, akanawa, halafu akaniita uani.

"Mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyepiga. Lazima usikie kutoka kwangu."

Jumapili ile iliyofuata yule bwana alikuja mapema. Baba alikuwapo, amenyoosha nguo, kofia kichwani. Bwana akauliza msichana yuko wapi. Baba akasema ameugua, amepelekwa kijijini kwa bibi yake. Bwana hakukasirika. Alikaa, akamimina waragi, akasema, "Sawa, Sajini. Basi cheza peke yako. Rumba ya kwanza, kama msichana yuko." Akamwagiza Salongo apige.

Salongo alipiga. Angefanya nini? Saksafoni ikaanza. Baba akaenda katikati ya sakafu, akainua mkono wa kushoto kama anavyoushika mkono wa mtu, akauweka wa kulia mahali ambapo mgongo wa mtu mfupi kuliko yeye kidogo ungekuwa, akacheza. Mgongo wima, mguu hauburuti, goti bovu na yote. Vijana wa yule bwana walianza kucheka, kisha wakanyamaza. Salongo alisema hakukosea hatua hata moja, na kwamba wakubwa waliokuwa ukutani walianza kupiga makofi, mmoja mmoja, mpaka wote, jinsi ilivyo desturi. Wimbo ulipoisha baba alitembea mpaka kwenye kiti ambacho kingekuwa changu, akakivuta, akangoja kidogo kama anayeketisha mtu, akainama. Kisha akamgeukia yule bwana akapiga saluti.

Walimchukua mlangoni. Hakurudi. Mpaka leo hatuna kaburi lake, na siwezi kulisema hilo kwa utulivu, kwa hiyo sisemi zaidi.

Mama na mdogo wangu walitufikia baada ya vita vilivyouangusha utawala ule. Mimi nikawa mwalimu, nikapata mchumba, mtu mpole wa kutoka hapo hapo Kisumu, mcheshi, mguu mzito kidogo kwenye dansi. Harusi yetu Salongo alipiga bure na bendi yake mpya ya wastaafu. Mchana walipiga bugi, tukaruka sote kwa duara, mama akiwemo. Kulipoingia jioni Salongo akasogelea kipaza sauti. Alinitazama, nami nikamwitikia kwa kichwa. Akasema, "Watoto, nyumbani. Wakubwa, karibuni."

Saksafoni ikaanza. Mume wangu akasimama, akanyoosha mkono, wageni wakaanza makofi.

"Kaa kwanza," nilimwambia. "Huu una mwenyewe."

Alikuwa anajua habari, akaketi. Sakafu ikabaki tupu wimbo mzima. Wageni walitazamana, mashangazi wa mume wangu wakanong'onezana, mmoja akauliza kwa sauti kama bibi harusi amekasirika. Mama alisimama na mtandio wake akapiga makofi taratibu, peke yake, mpaka mwisho.

Wimbo ulipokwisha nikavuta kiti changu nyuma, nikampa mume wangu mkono, tukaenda kucheza wa pili.